Saratani: Kwa nini mgonjwa wa Pwani hufuata picha Nairobi

MIONGONI mwa abiria wanaoondoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Changamwe, wamo wagonjwa wa saratani wasiofuata dawa Nairobi, bali picha.

Jambo hili huwashangaza wengi, kwani Hospitali ya Rufaa ya Pwani ina kituo cha saratani. Sababu moja imo katika kemikali inayotumiwa kupiga picha hiyo: haikubali kungoja.

Tiba lengwa

Tibakemia ya kawaida huua seli zinazogawanyika kwa haraka, ziwe za saratani au nzima. Ndiyo maana nywele hung'oka. Tiba lengwa hutafuta alama iliyo kwenye seli ya saratani na kuishambulia hiyo.

Mfano ni trastuzumabu, maarufu kama Herceptin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Huwafaa wenye saratani ya matiti iliyo na protini ya HER2 kwa wingi, ambao ni kati ya asilimia 15 na 20 ya wagonjwa. Asiye na alama hiyo, dawa huwa haimlengi.

Kosa hapa ni ghali. Dozi moja ilikuwa ikigharimu takriban Sh120,000, na matibabu ya mwaka mzima huhitaji dozi 17 au 18, yaani zaidi ya Sh2 milioni. Makubaliano ya serikali na kampuni ya Roche yaliyotangazwa mwaka 2025 yalishusha gharama ya dozi moja hadi Sh40,000, zinazolipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Picha inayoonyesha tabia

Alama ya HER2 hupimwa kwa kipande cha nyama kinachotolewa kwenye uvimbe. Lakini kipande kimoja hakielezi saratani imefika wapi mwilini. Hapo ndipo upigaji picha wa molekuli unapohitajika.

Eksirei huonyesha umbo la uvimbe; skani ya PET huonyesha unachofanya. Mgonjwa hudungwa aina ya sukari iliyounganishwa na florini-18, elementi yenye mnururisho. Seli nyingi za saratani zina uroho wa sukari, hivyo huikusanya na kung'aa katika picha. Daktari anaweza kutambua kwamba dawa inafanya kazi hata kabla uvimbe haujasinyaa, au kumwepusha mgonjwa na upasuaji usio na faida.

Hata hivyo, si king'aacho chote ni saratani. Kifua kikuu nacho hung'aa, na katika nchi yenye ugonjwa huo kwa wingi, picha pekee haitoshi.

Kwa saratani ya tezi dume, galiamu-68 hupachikwa kwenye molekuli inayoitafuta alama ya PSMA. Alama ikionekana, mgonjwa anaweza kupewa molekuli ya aina hiyo ikiwa imebeba lutetiamu-177, ambayo huua seli hizo. Tiba hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2022.

Mbio dhidi ya saa

Florini-18 hutengenezwa kwa mtambo uitwao saiklotroni. Mitambo iliyotangulia nchini iko katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta (KUTRRH).

Kila baada ya dakika 110, nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu. Ndege hutumia takriban saa moja angani kati ya Nairobi na Mombasa, lakini safari haianzi wala kuishia angani. Kuna ukaguzi wa ubora, barabara ya kwenda uwanjani, upakiaji, kisha njia ya Changamwe hadi kisiwani kupitia Makupa. Shughuli yote ikichukua dakika 220, hubaki robo tu. Ndege ikichelewa kwa muda wa dakika 110 zaidi, hiyo robo nayo hukatika nusu.

Galiamu-68 ina haraka zaidi: nusu yake huisha kwa dakika 68. Lutetiamu-177 huchukua siku zipatazo 6.6, hivyo yaweza kuagizwa kutoka ng'ambo. Dawa inayotibu husafiri, inayoonyesha haisubiri.

Kwa hivyo, kuwaletea Wapwani huduma hii si suala la kununua mashine tu. Lazima pawe na saiklotroni karibu, au ndege na barabara zisizokosa saa, chini ya masharti ya Mamlaka ya Kenya ya Udhibiti wa Nyuklia (KNRA).

Kabla ya kusafiri

Mgonjwa anayekwenda kupigwa skani ya PET ya sukari hutakiwa kufunga kula kwa saa nne hadi sita. Mwenye kisukari, mjamzito au anayenyonyesha sharti aarifu kituo mapema.

Anayerudi kwa ndege siku hiyohiyo abebe barua ya hospitali, kwani mwili wake waweza kuamsha vifaa vya kunasa mnururisho viwanjani. Waliotibiwa tezi ya shingo kwa iodini-131 huweza kuviamsha hata baada ya wiki kadhaa.

Na kabla familia haijaitisha mchango wa nauli na dawa, kuna swali la kumuuliza daktari: je, alama inayolengwa na dawa hiyo imepimwa na kupatikana?