Karatasi Isiyo na Jina

Mzazi wa Songambele, huko Kyerwa, ampelekapo binti yake kusoma Dar es Salaam, humkabidhi kwa watu asiowajua. Huuza kahawa yake, hulipa nauli ya safari inayokata nchi nzima toka mpaka wa magharibi hata pwani, kisha hurudi kwenye migomba yake akiamini kuwa huko chuoni yuko mtu aliyewekwa badala yake. Mtu huyo huitwa mshauri wa wanafunzi, na chini yake wako walezi wa mabweni. Historia ya vyuo vyetu imejaa majina ya wakuu na wanazuoni. Mshauri na majalada yake hawatajwi, ilhali mlango wake ndio ubishwao hodi na msichana aliyedhulumiwa.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na desturi iliyoitwa Punch, au kwa mzaha Mzee Punch. Zilikuwa karatasi za maandishi na michoro, zikibandikwa ukutani usiku na watu wasiojulikana. Mwanzoni zilidhihaki siasa na wenye madaraka, na wako waliozisifu kwa ushujaa. Baadaye zikawageukia wanafunzi wa kike: aliyemkataa mwanamume, au aliyejiona huru mno machoni pa wenziwe, alitangazwa ukutani kwa matusi, na rafiki zake wakaonywa wasiandamane naye. Mnamo tarehe 7 Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa, aliyekuwa ameandamwa hivyo, alijiua.

Hapa msomaji atauliza: wasimamizi walikuwa wapi? Ukuta haukuwa mafichoni. Naam, utaratibu wa nidhamu wa vyuo uliundwa kwa ajili ya mwizi na mlevi, yaani mtu mwenye jina, shahidi na ushahidi. Karatasi isiyo na sahihi haikuwa na mshtakiwa wa kufunguliwa jalada. Neno hilo lina ukweli nusu. Karatasi ile ilikuwa na jina moja, nalo lilikuwa la msichana. Kumlinda aliyetajwa hakukuhitaji kumjua kwanza aliyeandika.

Baada ya msiba ule Punch ilipigwa marufuku. Wanawake wa Tanzania, wakiwamo waandishi wa habari wa TAMWA, chama kilichoanzishwa 1987, hawakukubali jambo liitwe utani wa vijana. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, na humo bughudha ya kijinsia, hata ya maneno matupu, ikawa kosa la jinai. Mshauri wa wanafunzi akapata jina la kuandika juu ya jalada.

Lakini lilibaki shauri gumu zaidi, la mwalimu na mwanafunzi wake. Hapa mshtakiwa anajulikana sana; anayetamani kujificha ni mlalamikaji, kwa sababu alama zake za mtihani zimo mkononi mwa anayemlalamikia. Sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, kifungu cha 25, iliitaja rushwa ya ngono waziwazi. Jirani zetu wa Makerere walikuwa wametunga kanuni zao 2006. Hata hivyo 2018 iliwabidi waunde kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza jambo lile lile. Wala sishangai. Kanuni humngoja mlalamikaji aje, na msimamizi apimaye ushahidi ni mwajiriwa mwenzake mshtakiwa, hunywa naye chai.

Mwaka huo huo wa 2018 Rais Magufuli alikwenda Mlimani kufungua maktaba mpya. Mhadhiri wa sanaa wa hapo hapo, Dkt. Vicensia Shule, akamwandikia hadharani mtandaoni kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni. Zilikuwapo ofisi nyingi baina yake na Rais. Yeye alizipita zote, na chini ya maneno yake alitia jina lake.