Mvumo wa Hamsini

Washa amplifaya ya valvu, vaa hedifoni, na usicheze wimbo wowote. Zipe valvu nusu dakika zipate moto. Kama mambo yako sawa utasikia kimya chenye mchanga kidogo ndani, shhh ya mbali. Kama si sawa utasikia mmmmm. Sauti nene, haipandi, haishuki, haina haraka. Mwenye sikio la muziki atakwambia ni noti ya G iliyovutwa juu kidogo. Hiyo ni stima inajitambulisha. Stima ya Kenya hugeuza mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde, na ikipata upenyo wa kuingia sikioni, inaingia na wimbo huo huo mmoja. Marekani ni mara 60, kwa hivyo mvumo wao uko juu kidogo kuliko wetu.

Ile shhh tuiache. Mjerumani Walter Schottky alieleza mwaka 1918 kwamba elektroni ndani ya valvu hazitiririki kama maji ya mfereji, zinadondoka moja moja kama mvua juu ya mabati, na mdondoko huo una sauti yake. Hiyo ni asili, huwezi kuimaliza. Lakini mvumo uliletwa na watu. Ukiufuata nyuma unakuta kwamba karibu kila dawa ambayo fundi atakupa leo ilivumbuliwa na mtu aliyekuwa anahangaika na kitu kingine kabisa.

Wa kwanza ni Carl August von Steinheil wa Munich. Mwaka 1838 alikuwa anajaribu telegrafu, na telegrafu wakati huo ilihitaji waya mbili: moja ya kwenda, moja ya kurudi. Alijaribu kutumia reli za treni badala ya waya, ikakataa, kwa sababu umeme ulivujia udongoni. Hapo akaona jambo ambalo wengi wangelipita: kama udongo unaubeba umeme hivyo, basi udongo wenyewe unaweza kuwa waya ya pili. Akazika bamba la chuma huku na lingine kule, na ikafanya kazi. Kwa siku moja gharama ya waya ilikatwa nusu. Telegrafu ikaenea duniani ikiwa na waya moja juu ya nguzo, upande wa pili ukiwa ni ardhi. Ardhi ni kubwa, haichoki, haidai kodi.

Simu ilipokuja mwaka 1876 ikarithi mpango huo. Shida ni kwamba telegrafu ni kugonga tu, tik au kimya, lakini simu ni sikio. Watu wakaweka sikio ardhini na ardhi ikaanza kuongea: telegrafu za jirani, mikwaruzo, minong'ono ya mazungumzo ya watu wengine. Halafu mwaka 1888 Frank Sprague akazindua tramu za stima mjini Richmond, Virginia. Tramu zilipata umeme kutoka waya ya juu na kuurudisha kupitia reli, yaani, kwa kiasi fulani, kupitia ardhi ile ile ya simu. Miji ilipoiga tramu hizo, simu zikanguruma. Kampuni za simu zikaenda mahakamani kushtaki kampuni za tramu, na ukiondoa maneno ya mawakili, swali lilikuwa moja: ardhi ni ya nani? Kwa jumla watu wa simu hawakupewa haki ya pekee juu yake.

Dawa ilikuwa tayari kwenye karatasi. Alexander Graham Bell alipata hataza mwaka 1881 ya kutumia waya mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba. Kelele ya nje inazipiga zote mbili sawasawa, na kwa kuwa simu husikiliza tofauti kati yao, kelele inajifuta. Kufanya hivyo kulimaanisha kununua waya mara mbili, basi kampuni zikakwepa hadi zikashindwa kukwepa. Ukikata waya ya intaneti leo utakuta msokoto wa Bell humo ndani, jozi nne.

Naikaza sana hii habari ya ardhi kwa sababu ndiyo shida namba moja ya amplifaya ya mezani, na ndiyo watu hawaielewi. Tunaambiwa ardhi ni sifuri. Ni sifuri kwa nani? Ardhi ya soketi hii si lazima iwe sawa na ardhi ya soketi ile ya ukuta wa pili. Umechomeka amplifaya hapa, kompyuta kule, zote zina waya wa ardhi. Halafu umeziunganisha kwa waya ya sauti, ambayo ganda lake la nje la nyuzi limefungwa kwenye chuma cha vyombo vyote viwili. Umechora duara: ukuta, amplifaya, waya ya sauti, kompyuta, ukuta tena. Duara la waya likiwa karibu na transfoma huvua umeme hewani kama wavu, na mkondo mdogo huanza kuzunguka humo. Unapopita kwenye ganda la waya ya sauti unaongeza vipande vya volti juu ya muziki. Kwa hedifoni nyepesi kushtuka, sehemu moja ya elfu ya volti inatosha kukuharibia usiku.

Kujua kama ni duara ni rahisi. Chomoa waya ya sauti. Mvumo ukitoweka, ulikuwa unapitia humo. Au acha waya, chomoa chaja ya kipakatalishi kitumie betri yake. Kimya kikirudi, umepata jibu. Mara nyingi kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja kunapunguza, kwa sababu duara linakuwa dogo. Isipotosha, kuna transfoma ndogo za sauti ambazo hupitisha muziki kwa sumaku bila chuma kugusana na chuma. Watu wa simu walizitumia miaka na miaka kabla ya sisi.

Sasa valvu zenyewe. Edison aliona miaka ya 1880 kwamba ndani ya balbu yake umeme unaweza kuruka utupu kutoka kwenye filamenti yenye moto, akauwekea hataza, na hakujua aufanyie nini. John Ambrose Fleming, aliyewahi kuwa mshauri wa kampuni ya Edison kule London, akaufanya kuwa valvu mwaka 1904. Lee de Forest akaingiza gridi katikati na valvu ikaanza kukuza sauti, ingawa maelezo yake ya jinsi inavyofanya kazi yalikuwa ya ajabuajabu. Hedifoni nazo: Nathaniel Baldwin wa Utah alikuwa anatengeneza zake jikoni mwake karibu mwaka 1910, akiliuzia jeshi la wanamaji la Marekani.

Kwa hivyo valvu na hedifoni ni marafiki wa zamani sana. Na kwa miaka mingi ya urafiki huo hapakuwa na mvumo hata kidogo, kwa sababu kila kitu kilitumia betri. Redio ya miaka ya ishirini ilihitaji betri za aina tatu: A ya kuchoma filamenti, B ya volti za juu, C ya gridi. Ile ya A ilikuwa na asidi, ilikula mazulia, na kila mara ilibidi ibebwe kupelekwa kuchajiwa. Waliokulia mashambani hapa kwetu miaka ya tisini wanaijua hiyo safari: betri ya gari imefungwa nyuma ya baiskeli hadi senta, ili TV iwake jioni.

Watu walitaka kuchomeka redio ukutani tu, yaishe. Ukipeleka stima ya ukutani moja kwa moja kwenye filamenti ambayo pia ndiyo inatoa elektroni, filamenti inapigapiga pamoja na stima na unasikia kila pigo. Edward Rogers wa Toronto alileta redio yake isiyo na betri mwaka 1925 akitumia valvu ambayo filamenti haitoi elektroni yenyewe. Inapasha moto mrija mwingine, kathodi, na kathodi ndiyo inafanya kazi. Mwaka 1927 RCA wakatoa ya kwao, UY-227. Ni kama jiko na sufuria ya udongo: moto unaweza kurukaruka lakini sufuria haipoi na kuchemka kwa kila mrukaruko. Karibu valvu zote ndogo za amplifaya za leo zina mpango huo.

Lakini mrija haukuzuia yote. Waya zinazopeleka umeme wa kupasha moto hupita ndani ya sanduku karibu na gridi, na gridi ina masikio. Ndiyo maana ukifungua amplifaya iliyojengwa vizuri utakuta waya hizo zimesokotwa na kubanwa pembeni, kwenye kona ya chuma. Bell tena.

Kuna mvumo wa pili ambao wengi wanauchanganya na huo. Amplifaya hugeuza stima kuwa umeme wa mwelekeo mmoja, na inapofanya hivyo kila nusu ya wimbi inakuwa nundu, basi 50 inakuwa 100. Kazi ya kapasita kubwa ni kujaza mabonde kati ya nundu hizo. Kapasita hizo zina majimaji ndani na hukauka na umri. Zikikauka utasikia G ya juu, oktava moja juu ya ile ya kwanza. Jifunze kuzitofautisha kwa sikio, itakuokolea pesa pale Luthuli Avenue: ya 50 ni waya za joto, transfoma au duara la ardhi, ya 100 ni kapasita. Na kabla ya yote zungusha kitufe cha sauti. Mvumo ukipanda na kushuka nacho, unaingia kabla ya kitufe, kutoka waya au kompyuta. Ukibaki vile vile hata kwenye sifuri, uko ndani ya sanduku.

Huku Afrika historia ilipinda kidogo, na napenda jinsi ilivyopinda. Mwaka 1949 huko Lusaka, Harry Franklin wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini alifanikisha redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Ever Ready waliitengeneza: valvu nne ndani ya bakuli la alumini la bluu, lililotokana na sufuria, ndiyo maana ikaitwa Saucepan Special. Bei ilikuwa pauni 5, betri ikiuzwa kando na kudumu kama saa 300. Mawimbi mafupi yana kelele zake za radi na umbali, lakini mvumo haukuwemo. Mtu wa kijijini asiye na stima alikuwa na redio ambayo kwa jambo hili ilikuwa safi kuliko ya bwana wa mjini.

Stima ilipotufikia ilikuja na adabu za Uingereza. Huko nako kulikuwa na fujo ya masafa tofauti hadi sheria ya mwaka 1926 ilipoanzisha gridi moja ya taifa, na 50 ikashinda. Mvumo huo sasa ni shahidi mahakamani. Haukai kwenye 50 kamili, unayumba kidogo sana kila wakati, na unayumba sawasawa kwenye gridi yote. Mromania Catalin Grigoras alionyesha kwamba kurekodiwa popote karibu na stima huacha alama ya mvumo inayoweza kulinganishwa na kumbukumbu ya gridi, na polisi wa London wamekuwa wakiuhifadhi tangu mwaka 2005, ili kujua kama rekodi imekatwa au saa yake ni ya uongo.

Plagi yetu ya pini tatu za mraba ni kiwango cha Waingereza cha mwaka 1947, kilichotokana na mipango ya kujenga nyumba baada ya vita. Pini ya juu ni ya ardhi na ni ndefu kuliko zingine ili iguse kwanza, na pia ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu ya chini. Sisi tunaijua kwa jina lingine: tundu la biro. Nani hajawahi kuona mtu akichomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma biro hapo juu?

Na hapa ndipo sitaki utani. Ukiuliza mtaani jinsi ya kuua mvumo utaambiwa: kata ile pini, au fungua plagi utoe waya wa ardhi. Na itafanya kazi bana, duara limekatika, kimya kitamu. Lakini ndani ya sanduku hilo la chuma mna volti 240 za ukuta na mara nyingi zaidi ya 200 za valvu, na wewe umefunga chuma cha sanduku hilo kichwani kwa waya ya hedifoni. Siku waya moja itakapochoka na kugusa sanduku, ardhi ikiwepo fyuzi inakatika papo hapo. Isipokuwepo, hakuna kinachokatika. Sanduku linakaa na stima likisubiri mkono.

Pia kuna nyumba ambazo pini haikukatwa na mtu lakini ni kama imekatwa. Dalili ni hii: ukigusa chuma cha amplifaya mvumo unapungua, ukiachilia unarudi. Wengi hufurahi wakidhani wana mkono wa baraka. Maana yake ni kwamba chuma hakina ardhi, na kwa muda huo ardhi ni wewe. Mwaka jana fundi wa stima alifungua soketi za keja yangu na nyuma ya tundu la juu hapakuwa na kitu. Waya mbili, za moto na ya kurudi, basi. Tukashuka kwenye mita, hakuna fimbo ya shaba iliyopigiliwa udongoni. Ploti ina nyumba kumi na nne, na karibu zote zina hita ya kuogea iliyofungwa kwenye bomba la maji.

Nilimpelekea mwenye ploti makadirio ya fundi: fimbo, waya ya kijani na njano, siku mbili za kazi. Akayasoma yote, akanirudishia karatasi. "Kwani stima haiwaki?"