Mbunge wa Barabara na Mbunge wa Kura

Kituo cha daladala cha Tabata Dampo kimebaki na jina tu. Dampo lenyewe liliondolewa na wakazi wenyewe, tena kwa sheria. Mwaka 1988, wakiwa wamechoshwa na moshi, nzi na harufu ya takataka za jiji zima, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, shauri la madai namba 299, na wakashinda. Jiji likaamriwa liache kumwaga taka pale. Likaomba muda, likapewa, likarudi kuomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akishangaa kuona mamlaka ya umma ikija mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Taka zilipopelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani.

Wanasheria hulisoma shauri hilo kwa ajili ya haki ya kuishi, ibara ya 14 ya Katiba. Mimi linanivutia kwa sababu nyingine. Katika simulizi ya ushindi ule kuna wakazi, kuna jiji, kuna jaji. Mbunge hatajwi popote.

Leo anatajwa sana. Tabata iko Wilaya ya Ilala, katika Jimbo la Segerea lililokatwa kutoka Ukonga mwaka 2010. Ukikaa kwa fundi viatu pale Barakuda ukauliza mbunge wao amefanya nini, utajibiwa kwa barabara: Bonyokwa, Kisukuru, kipande fulani cha Kimanga ambacho masika yakianza bodaboda hupandisha nauli. Huyu atasema amefanya, yule atasema hajafanya, lakini wote wawili wanapima kwa kipimo kimoja. Hutasikia mtu akisema mbunge alipiga kura hivi au vile. Ni rahisi kuwalaumu wananchi kwa hilo, kwamba hawafuatilii mambo. Sikubali. Wanapima kinachoonekana, na kura ya mbunge wao haionekani.

Wasomi wa siasa wana mazoea ya kulinganisha mabunge kwa katiba zao. Nadhani tunafika mbali zaidi tukiyalinganisha kwa kumbukumbu zao: nini kinaandikwa, na nani anaweza kukisoma. Chukua Taarifa Rasmi ya Bunge letu, ile Hansard. Ni kitabu chenye uaminifu wa ajabu kwa vitu vidogo. Wabunge wakipiga makofi, imeandikwa (Makofi). Wakicheka, imeandikwa (Kicheko). Mbunge akitumia dakika mbili kumpongeza waziri na dakika moja kuomba kituo cha afya, zote tatu zimo, mpaka lile neno la kufungia, “naunga mkono hoja”. Kisha Spika anawahoji: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Ukumbi unavuma. Hansard inaandika kwa mabano kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa, basi. Kicheko kina nafasi yake kwenye kumbukumbu. Kura ya mbunge wa Segerea haina.

Utaratibu huo si wetu peke yetu. Kupiga kura kwa sauti tulikurithi kutoka Westminster, na huko bado wanakutumia kwa mambo mengi. Tofauti ni kinachofuata watu wasiporidhika na sikio la Spika. London wabunge huinuka vitini na kupita katika mojawapo ya kumbi mbili, ndiyo huku, hapana kule, wakihesabiwa mmoja mmoja, na orodha za majina zimekuwa zikichapishwa rasmi tangu 1836. Wamarekani walikwenda mbali zaidi wakaliweka jambo hilo ndani ya katiba: moja ya tano ya waliohudhuria wakitaka, kura za ndiyo na hapana zinaingizwa kwenye kumbukumbu kwa majina. Sisi tuliurithi ukelele, ile milango miwili tukaiacha kule.

Kuna siku moja kwa mwaka ambapo Dodoma husoma majina. Ni Juni, siku ya kupitisha bajeti ya serikali, Makatibu wanapomwita kila mbunge naye anajibu. Lakini ni siku gani hiyo! Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo anayejibu “hapana” anajua kwamba wenzake wakimfuata, wote wanarudi kwa wapiga kura na mikopo ya kampeni haijaisha. Halafu bajeti ni furushi. Tazama ya Juni 2021. Ndani yake kulikuwa na tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, iliyoanza kukatwa tarehe 15 Julai. Ndani ya bajeti hiyohiyo kulikuwa na shilingi 100 ya nyongeza kwa kila lita ya mafuta, kwa ajili ya barabara za TARURA, chombo kinachobeba barabara zote za mitaa tangu 2017.

Sasa mpe mkazi wa Tabata Bima hesabu hiyo. Barabara ya mtaa wake, ambayo mbunge aliililia kwa miaka, ilipata chanzo cha fedha. Wakala wa simu pale kona, ambaye Agosti ile alikuwa akisikiliza matusi yasiyomhusu kila mteja akitoa pesa, alipata tozo. Vyote kwa “ndiyo” moja. Serikali ilipunguza tozo kwa asilimia 30 Septemba baada ya kelele za watu, na ilizidi kuipunguza baadaye. Kelele zile zilielekezwa kwa waziri wa fedha, jina lake likatajwa kwenye kila daladala. Wabunge waliojibu ndiyo mmoja mmoja, kwa sauti zao wenyewe, hawakuguswa sana. Kura yao ilikuwa na majina yote na hakuna aliyeweza kuisoma, maana ilisema kila kitu kwa pamoja.

Ili mbunge atenganishe alichokubali na alichokataa ana chombo kimoja kizuri, kushika shilingi. Kwenye Kamati ya Matumizi anasimama na kusema anaondoa shilingi katika mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Mjadala unawaka, wengine wanamuunga mkono, waziri anajieleza, na mara nyingi mwisho wake ni ule tunaoujua: kwa maelezo hayo narudisha shilingi. Naupenda utaratibu huu kuliko mwingine wowote wa Bunge letu. Hapo ndipo unamwona mtu mmoja, na jambo moja, na waziri aliyebanwa kulijibu. Ila hata hapo kumbukumbu inahifadhi hotuba. Jambo likipelekwa kwenye maamuzi, kwa kawaida linarudi kwenye ukelele.

Historia ya Segerea nayo haikusaidia. Dkt. Milton Makongoro Mahanga, mbunge wake wa kwanza, alikuwa naibu waziri kwa sehemu kubwa ya kipindi cha 2010 hadi 2015. Naibu waziri haulizi maswali, anajibu ya wenzake. Jimbo likawa na mtu serikalini likakosa muulizaji. Mwaka 2015 alihamia CHADEMA, na jimbo likashuhudia UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, ukishindwa kuelewana wenyewe kwa wenyewe: Julius Mtatiro wa CUF na Anatropia Theonest wa CHADEMA waligombea wote wawili, na Bonnah Kaluwa wa CCM, aliyekuwa diwani wa Kipawa, akapita. Mwaka 2020, safari hii akiitwa Bonnah Kamoli, alirudi katika Bunge ambalo chama chake kilishinda majimbo 256 kati ya 264. Katika Bunge la namna hiyo ukelele wa “siyo” unatoka wapi? Mbunge mwenye akili ataipeleka nguvu yake kwenye maswali ya nyongeza na milango ya wizara, yaani kwenye barabara. Kwa hiyo mwananchi na mbunge wake wamekutana pale pale, kila mmoja kwa sababu zake.

Dawa inaonekana nyepesi: kura zote ziwe za majina. Jirani zetu wametuonyesha ladha yake. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa la Kenya lilipitisha Muswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Wiki nzima kabla ya hapo vijana walikuwa wamewajaza wabunge ujumbe wa simu, wakiwauliza wanasimama wapi. Baada ya kura, orodha za majina zilizunguka kama tangazo la msiba. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini muswada wenyewe. Zingatia mpangilio wake. Majina hayakuuzuia muswada kupita, wingi wa muungano wa serikali ulitosha. Kilichobadilika ni siku iliyofuata, pale kila mmoja wa wale 195 alipolazimika kujieleza kwao, kwa jina lake, wengine kanisani.

Hapa kwetu kuna jambo linalonifanya nisiishangilie dawa hiyo haraka. Dirisha linalompa mwananchi nafasi ya kumwona mbunge linakipa chama nafasi hiyohiyo, na chama kina macho makali zaidi na mkono mrefu. Kwa Katiba yetu, anayepoteza uanachama amepoteza ubunge. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza wabunge wasemaji kama Joseph Kasella-Bantu na Eli Anangisye, na viti vyao vikaenda nao. Zanzibar mwaka 2013 Mansoor Yussuf Himid, mwakilishi wa Kiembesamaki, alivuliwa uanachama wa CCM kwa msimamo wake juu ya muundo wa Muungano, na uwakilishi ukaishia hapo. Wapiga kura wa Kiembesamaki hawakuulizwa kama wao wamemchoka.

Mgogoro huu uliwahi kuletwa hadharani, na ajabu ni kwamba tumeusahau upesi. Bunge Maalum la Katiba la 2014, kabla ya kujadili hata sura moja ya rasimu, lilipoteza siku nyingi likibishana jinsi ya kupiga kura. CCM ilitaka kura ya wazi: mjumbe aonekane na anaowawakilisha. Upinzani ulitaka ya siri: mjumbe awe huru na chama chake. Pande zote mbili zilikuwa na hoja ya kweli na nia isiyokuwa safi sana. Wakaishia kwenye suluhu ambayo sijaiona kwingine, kila mjumbe achague mwenyewe, ya wazi au ya siri. Ilipofika Septemba, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alichagua ya wazi na akazikataa baadhi ya ibara kwa sauti yake. Oktoba hakuwa tena Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2021 akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kupitia ACT-Wazalendo, kwa hiyo hadithi yake haikuishia pabaya. Lakini mjumbe wa kawaida, asiye na jina kama lake, alijifunza nini siku ile?

Waingereza wana mzee wao wanayemnukuu kila mjadala huu unapozuka, Edmund Burke, aliyewaambia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge anadaiwa nao akili yake, na wala si utiifu. Hawanukuu sana kilichofuata: miaka sita baadaye Bristol ilikuwa imemchoka, akajitoa kabla hajashindwa. Yeye angalau alipimwa na Bristol.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo kuliko kura za majina kwa kila jambo. Kodi na tozo zitenganishwe na furushi, kila moja iamuliwe peke yake kwa majina, na mbunge asipoteze kiti kwa sababu ya kura hiyo. Sehemu ya kwanza bila ya pili ni kukikabidhi chama fimbo. Ya pili bila ya kwanza ni kumpa mbunge kivuli cha kujificha.

Na hata zikija zote mbili, barabara haitaondoka mezani, kwa sababu fedha nazo zimemfuata mbunge jimboni. Sheria ya mwaka 2009 ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo inamfanya mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati inayougawa. Mtu anayetakiwa kuihoji serikali juu ya matundu ya choo shuleni ndiye huyo anayeyachangia. Kenya walianza mapema, 2003, na kwa fungu nono, si chini ya asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Huko mfuko ni basari, na basari ni karo ya mtoto. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unakiuka Katiba, kwa kuwa mbunge hawezi kutunga sheria na kutekeleza miradi kwa wakati mmoja, ikaupa mpaka tarehe 30 Juni 2026 uwe umekoma. Wabunge hawakukaa kimya. Katikati ya 2025 walipitisha muswada wa kuuingiza mfuko huo kwenye Katiba yenyewe, kura inayotaka theluthi mbili na yenye majina. Watu walewale waliokuwa wamegawanyika 195 kwa 106 juu ya kodi walikuwa karibu kitu kimoja juu ya mfuko. Safari hii sikuona aliyesambaza orodha.