Mfahamu Josephine Earp, mama aliyelinda jina la mumewe

Wadau, Wyatt Earp wa muvi za makauboi alikuwepo kweli. Tarehe 26 Oktoba 1881, mjini Tombstone, Arizona, yeye, ndugu zake wawili na Doc Holliday walirushiana risasi na wabaya wao kama sekunde 30 hivi, watatu wakafa. Hakimu Wells Spicer akasema hakuna kesi ya kujibu. Magazeti je? Hayakumwacha! Mwaka 1922 Los Angeles Times lilimwandika kama jambazi. Wyatt akafariki 1929. Mkewe Josephine akamganda mwandishi Stuart Lake, akitaka kitabu kilichotoka 1931 kiwe kisafi. Aliendelea hivyo hadi kufa kwake, 1944. Ila naye alificha habari za Mattie Blaylock, mwanamke aliyeachwa na Wyatt. Ungekuwa wewe, ungesema yote?