Ugumu wa gemu za zamani

Ugumu wa gemu za zamani ni sifa ya michezo ya video ya miaka ya 1970 hadi 1990, ambayo ilimwadhibu mchezaji vikali kwa kosa dogo: maisha machache, adui anayeua kwa mguso mmoja, na kuanza upya maisha yakiisha.

Chanzo. Mashine za kumbi za michezo ziliendeshwa kwa sarafu, hivyo kushindwa mapema kulileta pato. Mashine za nyumbani zilirithi mtindo huo. Kumbukumbu nayo ilikuwa ndogo: *Super Mario Bros.* (1985) ilichukua kilobaiti 40 tu, na ugumu uliurefusha mchezo mfupi.

Mifano. Katika *Space Invaders* (1978) maadui huongeza kasi kadiri wanavyopungua, kwa kuwa kichakataji kinabaki na wachache wa kuchora. *Ghosts 'n Goblins* (1985) hudai imalizwe mara mbili. *Contra* ya mashine ya Nintendo (1988) hutoa maisha 3, ingawa mfuatano wa siri wa vitufe huyafanya 30.

Afrika Mashariki. Michezo hii ilienea kupitia mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom ya Nintendo (1983). Kaseti nyingi hazikuhifadhi hatua, hivyo umeme ukikatika, safari yote ilipotea.

Ugumu usio na huruma si jambo geni katika ukanda huu. Mchezo wa bao la Kiswahili, wenye mashimo 32 na kete 64, hauna bahati nasibu, hivyo kosa hulipiwa. Ndugu yake, bawo, huchezwa Malawi.