Bata, Nyati na Jaruba: Nyama Wanazokula Wathai na Wanazoziacha

Mtu wa Dar es Salaam akikwambia Jumamosi hii "tunakula bata", hutarajii kukuta bata mezani. Ni starehe anayoizungumzia. Bata mwenyewe, yule wa manyoya, ni mgeni kwenye meza nyingi za kwetu, na ukimuuliza mpishi sababu atakutajia tatu papo hapo: ana harufu, ana mafuta, na kumnyonyoa ni kazi ya nusu siku. Lipeleke swali hilo Thailand, kwa mama anayepika nyumbani kwake katika bonde la mto Chao Phraya, na jibu halitakuwa mbali na hilo. Wathai wana hata neno la harufu hiyo, *sap*, ile harufu ya mnyama inayong'ang'ania nyama hata ukiiosha vipi. Kuku wanamsamehe. Bata hawamsamehi.

Hata hivyo Bangkok imejaa bata. Wananing'inia kwenye vioo vya maduka, ngozi zao nyekundu zilizokolea kama ubao wa mkangazi, shingo zimepinda kwenye ndoano, na nyuma ya kioo mtu mwenye kisu kipana anakata vipande bila kuinua macho. Watu wanapanga foleni kuwala ndege ambao nyumbani kwao hawathubutu kuwapika. Kulielewa jambo hilo usianzie dukani. Anzia shambani, kwenye jaruba la mpunga.

Jiwe la maandishi la Mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai, lenye tarehe ya mwaka 1292, linaisifu nchi kwa samaki wa majini na mpunga wa mashambani. Karne nne baadaye mjumbe wa Ufaransa, Simon de La Loubère, aliyefika katika ufalme wa Ayutthaya mwaka 1687, alikuta mambo hayajabadilika sana. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1691 anaeleza jinsi Msiamu, kama Mthai alivyoitwa zamani, alivyotosheka na wali na kisamaki kikavu au cha chumvi. Dini nayo iliunga mkono. Mbudha hapaswi kuua, lakini samaki, wanakijiji walikuwa wakisema, anatolewa majini tu. Kufa anakufa mwenyewe. Hoja hiyo inaweza kuonekana nyepesi, lakini imebeba maisha ya watu wengi kwa karne nyingi, nami naiheshimu: ni hoja ya mtu anayetaka kula na pia anataka kulala na dhamiri safi.

Kuku naye alikuwapo tangu zamani za kale. Mifupa iliyofukuliwa Ban Non Wat, kijiji cha kale cha wakulima wa mpunga, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo, inahesabiwa na watafiti kuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa wa kuku wa kufugwa duniani. Wanadhani nafaka ndiyo iliyomvuta ndege huyo kutoka msituni hadi uani. Kumbuka hilo, maana bata naye atavutwa na nafaka hiyohiyo.

Kabla ya kumfikia bata kuna mnyama aliyepotea, na sitaki kumpita kimya. Kwa Kithai, *nuea* ni nyama, na ukilitamka neno hilo peke yake kwenye mkahawa utaletewa nyama ya ng'ombe. Zamani neno hilo liliwataja pia wanyama wa jamii ya kulungu, na hadi leo limebaki katika jina la mmoja wao. Ayutthaya ya karne ya 17 ilikuwa ikipakia ngozi za kulungu melini kwenda Japani kwa makumi ya maelfu. Biashara ilikuwa nono kiasi kwamba mwaka 1664 Kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki ilimbana mfalme mpaka akaipa haki ya kununua ngozi hizo peke yake. Nyanda zilizowalisha wanyama hao zilikuwa majani na maji matupu. Kisha ukaja mkataba wa Bowring wa mwaka 1855 uliofungua milango ya kuuza mchele nje, ikaja mifereji, na nyanda zikakatwakatwa kuwa majaruba. Kulungu wa Schomburgk, mwenye pembe zenye matawi kama mti, hakuwa na pa kwenda. Wa mwisho wa porini aliuawa mwaka 1932. Wa mwisho aliyekuwa akifugwa hekaluni alikufa mwaka 1938. Mpunga uliwaondoa kulungu na ukamkaribisha bata.

Watu hudhani kwamba Mbudha hali nyama, na kwamba mapendeleo yote ya Wathai yametoka hekaluni. Si hivyo. Mtawa wa Thailand hupita alfajiri na bakuli lake na kula anachopewa, ikiwemo nyama, ilimradi hakuona, hakusikia wala hashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake. Alizokatazwa kabisa ni nyama kumi: ya binadamu, tembo, farasi, mbwa, nyoka, simba, chui milia, chui, dubu na fisi. Bata hayumo. Ng'ombe hayumo, na nguruwe hayumo. Kilichokuwa kizito kwa Mbudha ni kushika kisu. Ndiyo maana uchinjaji wa nguruwe uliangukia mikononi mwa Wachina, na wa ng'ombe mikononi mwa Waislamu, na siku ya *wan phra*, siku takatifu ya mwezi, kwa desturi mabucha yalifungwa.

Wachina hao ndio waliompa bata heshima. Ayutthaya ilipoangushwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, aliyekusanya mabaki ya nchi alikuwa Taksin, mwana wa Mchina wa kabila la Teochew. Makao yake yalikuwa Thonburi, na Wateochew walimiminika huko. Mwaka 1782 Rama wa Kwanza alihamishia mji mkuu ng'ambo ya pili ya mto, nao wakasogezwa kidogo kusini, Sampheng, mahali ambapo baadaye ilichongwa barabara ya Yaowarat. Walikuja na chungu cha *phalo*: bata mzima anayepikwa taratibu katika mchuzi wa soya, mdalasini, anisi nyota na galanga. Walikuja pia na tambiko. Mwaka mpya wa Kichina ukifika, mbele ya mizimu ya mababu huwekwa nyama tatu, nguruwe, kuku na bata, na zikishanuswa na wahenga, walio hai hukaa wakala. Mtoto wa familia ya namna hiyo hamjui bata kama nyama ya ajabu. Anamjua kama nyama ya sikukuu, ya siku ambayo shangazi wote wamefika.

Kaskazini mashariki, nyanda za Isan, bata ana historia nyingine, na hapa nitakaa kidogo. Huko hapikwi na duka; anapikwa na ukoo. Ndege hunyonyolewa mara mbili, kwanza manyoya makubwa kwa maji ya moto, kisha vile vishina vidogo vyeusi vinavyojificha kwenye ngozi, kimoja kimoja. Juu ya mkia hukatwa tezi mbili za mafuta. Ukizisahau, chungu kizima kimeharibika. Nyama hulazwa kwenye gogo la mkwaju na kukatwakatwa kwa visu viwili vinavyopokezana, mlio wake unasikika hadi nyumba ya tatu. Ngozi hukaangwa pembeni hadi ivunjike kama kaki. Mchele wa kunata hukaangwa bila mafuta mpaka uwe wa kahawia, ukatwangwa. Kisha vyote hukutana: nyama, maini, firigisi, pilipili ya unga, galanga, majani ya ndimu yaliyokatwa nyembamba kama nyuzi, ndimu, mchuzi wa samaki. Hii ndiyo *laap pet*, na mji wa Udon Thani una sifa nayo. Neno *laap* linafanana kwa mlio na neno la Kithai la bahati njema, kwa hiyo chakula hiki hakikosi kwenye harusi wala kwenye kuzindua nyumba. Lakini katika vijiji vingi vya Isan mwanamke aliyetoka kujifungua humkwepa bata, hasa yule mkubwa anayeitwa *pet thet*, bata wa kigeni, kwa kuhofia kwamba ataamsha maradhi mwilini. Nyama moja inawekwa mezani kwa furaha na kuondolewa kwa hadhari, ndani ya nyumba ileile.

Na yule anayeapa kwamba hali bata? Mwangalie vizuri siku ya harusi. Nyuzi za dhahabu zinazoitwa *foi thong*, na vitone vya *thong yot*, ni viini vya mayai vilivyopikwa katika shira, na wapishi hupenda viini vya bata kwa rangi yake iliyokolea. Masimulizi ya Wathai yanavihusisha vitamu hivi na Maria Guyomar de Pinha, mwanamke wa Ayutthaya mwenye damu ya Kijapani na Kireno, mke wa Constantine Phaulkon, waziri aliyeuawa katika mapinduzi ya mwaka 1688. Mumewe akiwa amekwisha kufa, alikuja kutumika katika jiko la kifalme. Kusini, mji wa Chaiya unasifika kwa mayai ya bata ya chumvi: kila yai hupakwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na chumvi, likaviringishwa kwenye majivu ya pumba za mpunga na kuachwa likomae hadi kiini kiwe chekundu. Kwa hiyo bata aliyekataliwa kwa mlango wa nyama ameingia kwa mlango wa yai, naye amezoeleka hata hatambuliwi.

Mayai hayo hutoka kwenye majaruba. Baada ya mavuno, katika mikoa kama Suphan Buri na Ayutthaya, wachungaji huleta makundi ya maelfu ya bata, *pet lai thung*, na kuwaachia mashamba yaliyovunwa. Bata huokota punje zilizoanguka, konokono wanaokula miche, na wadudu. Mwenye shamba anapata mbolea na shamba safi. Mwenye bata anapata chakula cha bure. Wakimaliza hapa, wanapakiwa kwenye lori kwenda kwenye mavuno mengine. Utaratibu huu mzuri ulipata pigo Januari 2004, serikali ilipotangaza kwamba mafua ya ndege ya H5N1 yameingia nchini. Bata aliweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili, na watafiti waliona kwamba maradhi yalifuata ramani ya mashamba yanayovunwa mara mbili kwa mwaka na bata wanaohama humo. Kuhamisha makundi kukawekewa masharti makali, na wafugaji wakatakiwa kuwafungia ndege wao mabandani. Hadi mwaka 2006 watu 25 walikuwa wameugua nchini humo, na 17 kati yao walikufa. Siwezi kulaumu amri hizo, lakini nawahurumia wachungaji, maana ujuzi wao ulikuwa katika mwendo, na mwendo ndio uliozuiwa.

Jaruba hutoa vingine pia. Panya wa shambani, vyura, mdudu wa majini aitwaye *maeng da* anayetwangwa na pilipili, mayai ya chungu wa majimoto: hivi ni vyakula vya Isan, na kwa miaka mingi watu wa mjini walivitazama kama vyakula vya maskini. Msomaji wa Bukoba anayengoja msimu wa senene analijua jicho hilo. Thailand walilijibu kwa kufuga. Tangu mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Khon Kaen kilifundisha wakulima kulea nyenje, na ripoti ya FAO ya mwaka 2013 ilihesabu wafugaji wapatao 20,000. Mbwa ni habari nyingine. Jina la Tha Rae, mji wa mkoa wa Sakon Nakhon wenye Wakatoliki wengi wa asili ya Vietnam, lilifungamanishwa na biashara ya mbwa waliovushwa mto Mekong, na Wathai wengi waliona haya. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ilipitishwa mwaka 2014. Kuhusu kenge sina haja ya kueleza sana. Kwa Kithai jina lake, *hia*, ni tusi zito kuliko hata kwetu, na watu waungwana humwita kwa jina la kumpamba, fedha na dhahabu.

Nimemwacha nyati, yule wa kufugwa, mwisho kwa makusudi. Wathai wengi hawali ng'ombe wala nyati, na Wachina wa Thailand wakishika ibada ya Kuan Im, mungu wa kike wa huruma, huiacha nyama ya ng'ombe maisha yote. Hadithi yao inasema baba yake alizaliwa upya akiwa ng'ombe. Lakini mkulima asiyemjua Kuan Im atakupa sababu fupi zaidi: amenilimia. Huyu alivuta jembe kwenye tope la jaruba, wali ulio kwenye sahani umetoka mgongoni mwake, unamlaje? Leo jaruba linalimwa na trekta la mkono, ambalo wakulima wameliita *khwai lek*, nyati wa chuma, na nyati wa damu wamepungua mno. Bado katika miji mtu akitimiza miaka kadhaa, au mama yake akiugua, huchanga fedha hekaluni ili nyati aliyefikishwa machinjioni akombolewe. Mnyama hufungwa shada la maua shingoni, watawa humwombea, kisha hukabidhiwa mkulima asiye na mifugo kwa ahadi moja tu, kwamba hatauzwa kwa mchinjaji. Wengi wa hao nyati hawataguswa na jembe tena. Wanaachiwa wale majani kandokando ya mpunga mpaka wafe kwa uzee.