Kliniki ya mafunzo ya ushauri nasaha

Kliniki ya mafunzo ya ushauri nasaha ni kituo cha chuo kikuu ambamo wanafunzi wa saikolojia huwahudumia watu wenye shida za kweli chini ya usimamizi wa walimu wao, na huduma hiyohiyo ikafanyiwa utafiti. Mfano wa mapema ni kliniki ya kisaikolojia ambayo mwanasaikolojia Lightner Witmer alifungua katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1896.

Mfano ulio bora ni kituo alichoanzisha mwanasaikolojia Carl Rogers katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1945. Tangu akiwa Ohio, kabla ya kwenda Chicago, Rogers na wanafunzi wake walirekodi mazungumzo kwenye santuri zilizobidi kubadilishwa kila baada ya dakika chache. Rekodi ilimwonyesha mwanafunzi mahali alipomkatiza mteja au kumsukuma bila kujua, jambo ambalo kumbukumbu yake isingelikiri. Mtafiti naye alipata data. Huko Chicago, mteja alipanga kadi zenye sentensi kuhusu nafsi: kwanza jinsi anavyojiona, kisha jinsi anavyotamani kuwa. Baadhi ya wateja walisubiri siku 60 kabla ya kuanza, ili ijulikane kama nafuu ingekuja yenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954 na Rogers pamoja na Rosalind Dymond: baada ya tiba, mipango hiyo miwili ya kadi ilikaribiana zaidi.

Haki ya mteja haipaswi kupotea katikati ya mafunzo na utafiti. Kanuni za wanasaikolojia wa Marekani zinataka aelezwe kwamba anayemhudumia bado anafunzwa, na atajiwe jina la msimamizi.